Gari la Wagonjwa na Mto Pangani

(Yafuatayo ni mazungumzo mbele ya walimu na watumishi wa Serikali, mkoani Tanga)



Katika mji wa Fulda, nchini Ujerumani, yapo maonyesho yaitwayo RETTmobil, yaliyoanza mwaka 2001, ambamo watengenezaji hupanga magari ya wagonjwa na vyombo vya uokoaji, na wanunuzi hupita wakifungua milango na kukagua vitanda. Kanuni za Ulaya zimeyagawa magari hayo katika aina tatu: la kumchukua mgonjwa asiye mahututi, la dharura lenye vifaa vya kumtibia njiani, na lile ambalo ni chumba cha mahututi kiendacho kwa magurudumu.

Nasi tunayo maonyesho yetu. Magari mapya yanapopokelewa hupangwa safu mbele ya ofisi, utepe ukakatwa, ving'ora vikalizwa, nasi tukapiga makofi. Sina ugomvi na makofi hayo. Mwaka 2021 Taifa lilikopa dola milioni 567.25 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabiliana na UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ilinunua magari ya namna hii. Mwenye kulipa deni ana haki ya kukiona alichonunua. Lakini utepe hauulizi gari litalala wapi, wala nani atalitia mafuta.

Tutazame kwetu. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufa katika muda wa saa mbili. Kwa mama wa Kipumbwi au Mkwaja, kusini ya Mto Pangani, mji wa wilaya uko ng'ambo ya pili, na kwa miaka mingi gari lililofika Bweni usiku, hata likiwa la aina ile ya tatu, halikuwa na budi kungojea kivuko. Ndiyo maana mimi hulihesabu daraja la Pangani katika mambo ya afya, ingawa vitabu vya Serikali huliandika katika ujenzi. Huko Lushoto nako, masika yakishika, njia za udongo huteleza, na mgonjwa hushuka kwa machela mabegani mwa vijana hadi barabarani.

Hapo ndipo ninapoupenda mpango wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022. Mama au mhudumu hupiga namba 115 bila malipo. Kituo cha mkoa hutafuta gari la wagonjwa lililo karibu, na lisipokuwapo humwita dereva wa kawaida wa jirani aliyeandikishwa, ambaye hulipwa kwa simu akimfikisha mgonjwa. Taksi kuukuu iliyopo kijijini ni bora kuliko gari jipya lililo umbali wa kilomita 60. Utafiti wa Taifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Si haki kuyapa magari sifa yote hiyo, kwani wakunga na vituo vya upasuaji vimo, na damu salama imo.

Tusifichane, ndugu zangu. Gari la wagonjwa likitumwa kuchukua wajumbe wa mkutano, siku hiyo wilaya haina gari la wagonjwa. Kwa hiyo watumishi wa halmashauri, kabla ya sherehe ijayo ya makabidhiano, ulizeni fungu la mafuta ni kiasi gani, dereva wa zamu ya usiku ni nani, na muuguzi gani atakaa nyuma na mgonjwa. Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za kikao. Nanyi walimu, iandikeni 115 ubaoni. Mara nyingi mtoto wa darasa la nne ndiye anayempigia bibi yake simu.