Kunde, Malenge na Mtoto Anayetema

Mtoto wa miezi 7 akitema mboga, usiseme haipendi. Ndiyo kwanza anaijua. Watoto wengi huhitaji kuonjeshwa mboga ileile mara 8 hadi 10, wengine zaidi, siku tofauti, ndipo waizoee. Kijiko kimoja kinatosha. Akigeuza uso, acha, jaribu tena kesho. Kumbana pua ili ameze ni hatari: anaweza kupaliwa, na ataichukia hata sahani yenyewe.

Anza na malenge, maana yana utamu wake. Majani ya kunde, ambayo Ukambani hayakosi mvua ikinyesha, yana uchungu kidogo. Chuma machanga, yachemshe hadi yalainike, uyaponde pamoja na ndengu zilizoiva na mafuta kidogo. Chumvi na sukari za nini? Asali nayo asipewe kabla ya kutimiza mwaka. Na wewe baba, mtoto anakutazama: ukisukuma mboga kando, ataiga.

Akikonda, au akikataa kila chakula, mpelekeni zahanati iliyo karibu.