Mshale wa Joto Ulioamriwa Kunyamaza

Leo tuzungumzie kitu kidogo kilicho mbele ya kila dereva: mshale wa joto la injini. Wengi wetu tumefundishwa kuwa mshale ukikaa katikati, mambo ni shwari. Mimi nasema tuwe na wasiwasi nao kidogo.

Zamani mshale ulifuata joto la maji hatua kwa hatua. Gari likipanda mlima, nao ulipanda, likiteremka, ulishuka. Wenye magari wakawa wanakimbilia gereji kila ulipotikisika, hata gari likiwa zima. Watengenezaji wakaona dawa ni kuutuliza. Ndiyo maana katika magari mengi mshale husimama katikati maji yakiwa na nyuzi 80, na yakifika nyuzi 100 bado umesimama pale pale. Ukija kuondoka hapo, huruka kwenda kwenye nyekundu, na dereva aliyeko katikati ya Kitonga na abiria wake hana tena pa kukimbilia. Gasketi ya silinda hedi imekwisha kuungua. Gharama yake wenye magari mnaijua.

Si joto peke yake. Mazda MX-5 ilipotoka mwaka 1989 ilikuwa na mshale wa kweli wa presha ya oili. Katikati ya miaka ya 1990 ukawekwa mwingine unaojua mambo mawili tu, ipo au haipo. Baadhi ya wenye magari hayo waliufungua wakarudisha ule wa zamani.

Sasa wapo mafundi umeme wanaoweza kuufanya mshale wa joto useme tena. Sensa iliyo kwenye maji hupunguza ukinzani wa umeme kadiri joto linavyozidi. Fundi huweka kati ya sensa na mshale kisahani chenye kompyuta ndogo, hiyo ikasoma ukinzani, ikapiga hesabu, kisha ikausukuma mshale mahali panapostahili. Kazi ya namna hii naipa heshima kuliko kubandika taa za buluu kwenye dashibodi, ingawa taa ndizo vijana wetu wanazolipia haraka.

Lakini tahadhari. Magari mengi yana sensa mbili, moja ya mshale na nyingine ya kompyuta ya injini. Hii ya pili isiguswe. Ikidanganywa, injini hupewa mafuta yasiyo kipimo chake. Pili, kisahani kikiharibika mshale uende upande wa moto, usilale kwenye baridi. Tatu, sensa hupima maji. Rejeta ikikauka, inaweza kubaki hewani ikaonyesha ubaridi huku chuma kinaungua, kwa hiyo kufungua boneti asubuhi kukagua maji bado ni kazi yako, bwana.

Na kabla hujamlipa fundi, mwambie atie sensa kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, muangalie wote mshale unasemaje maji yanapochemka. Dar es Salaam yatachemka kwenye nyuzi 100. Walioko Iringa wasimgombeze fundi wakiona yanachemka kwenye 95 hivi; huo ni mwinuko wa huko.