Vita iliyobaki kichwani

(Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa wanamemba, Mulongwe, Uvira)



Leo hatukuja kwa ajili ya mbegu wala likirimba. Tunaongea juu ya mademobe, wale walioacha silaha wakarudi kwenye avenue zetu. Wengine mnaguna, tunawasikia. Mlikimbia 1996, ama 1998, mkavuka ziwa, mkalea watoto Nyarugusu, na siku ya kurudi mnakuta aliyeshika bunduki ndiye jirani. Lakini kusema kweli, wamoja kati yao ni watoto wenu.

Aliyekatwa mguu kila mtu anamuona, tunampisha kwenye benchi. Sasa kuna mwanamemba wetu mmoja, jina hatutaji, mwili wake mzima, saruji anabeba. Alichukuliwa akiwa kadogo, shule ya msingi hakumaliza. Usiku embe likianguka juu ya manjanja anaruka, anawasukuma watoto chini ya kitanda, anawaziba midomo wasilie. Asubuhi anaona haya, hasemi na mtu. Sisi alituambia neno moja tu: "Usingizi yangu ilibakia kule pori."

Majirani walisema ni bangi. Wengine, karogwa. Na siye? Tulimpa cherehani, tukaandika kwenye ripoti kwamba amerudi katika maisha ya kiraia. Miezi michache, cherehani imeuzwa, pesa imeishia kwenye kanyanga. Kikundi kilimfukuza na tulikubali. Hakuna aliyemuuliza analala saa ngapi. Mtu asiyelala atanyooshaje mshono?

Kosa hilo ni la zamani. DDR ya 2004 ilimpa aliyeacha silaha dola 110 za kutoka nazo kambini, kisha dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Silaha zilihesabiwa, dola zilihesabiwa. Mpango wa sasa, P-DDRCS, ulioundwa Julai 2021, unataka jamii yenyewe impokee. Vizuri. Jamii ni nani? Ni sisi, kwenye viti hivi vya plastiki.

Wala msifikiri ni ugonjwa wa askari tu. OMS ilitoa hesabu mwaka 2019: penye vita, karibu mtu 1 kati ya 5 ana shida ya akili, ndogo ama kubwa. Hesabuni kwenye benchi lenu. Wako mama kati yenu ambao mpaka leo wanalala na kitenge cha safari kiunoni.

Tunaomba hivi. Ukimuamsha mtu wa namna hiyo usimguse. Simama mlangoni, mwite kwa jina la nyumbani, siyo lile la vita. Watoto wakome kumuuliza ameua wangapi (na wakubwa pia, maana watoto wamelisikia kwa wakubwa). Akianza kunywa kila siku, ama kusema afadhali afe, msingoje Jumapili: mwiteni relai wa afya, ama siye, na mtu abaki naye. Kituo cha afya kinaweza kuanza kumsaidia. Hali ikiwa nzito zaidi, kuna SOSAME kule Bukavu, na barabara ya Kamanyola mnaijua, tiketi pia mnaijua. Ndiyo sababu tunaomba kesi ya msaada ilipe watu wawili, mgonjwa na wa kumsindikiza. Peke yake anashukia njiani.

Marafiki mnaotoa pesa, cherehani bado tunazihitaji. Ila mturuhusu kuandika kwenye bajeti mtu wa kutembelea nyumba hizo mwaka mzima. Picha ya kuwatumia hatutakuwa nayo. Mtu aliyelala usiku kucha, utampiga picha gani?

Yule mwanamemba tulienda kwake tukamuomba msamaha. Siku hizi anashona nyavu Kalundu, siku nyingine haonekani. Jirani yake, baba mmoja aliyerudi kutoka Nyarugusu, alipanda juu akakata tawi la mwembe lililofunika ile nyumba. Hakuna aliyemtuma.

Kwenye kikundi bado hajarudishwa. Neno lake ni la pili kwenye ajenda ya leo, na kura ni zenu.