Presha Ikipanda, Dawa ya Saratani Usiiache

Leo tuzungumze juu ya mgonjwa wa saratani aliyerudi nyumbani na dawa zake.

Katika mwethya wetu kuna mzee anayetibiwa saratani ya tezi dume. Baada ya wiki kadhaa kichwa kikaanza kumuuma. Kupimwa, presha ni 170 kwa 100, na zamani hakuwa na presha. Akasema moyoni, "Dawa hii itaniua kabla ya ugonjwa." Akaificha, asimwambie hata mkewe.

Je, alikosea? Kuhusu dawa, hapana. Si zote, lakini baadhi ya dawa za saratani hupandisha presha kweli. Abirateroni, ya tezi dume, hufanya mwili ushike chumvi na maji. Bevasizumabu huzuia uvimbe usiote mishipa mipya ya damu, lakini hukaza mishipa mingine pia. Kosa lake lilikuwa kunyamaza. Presha hiyo inatibika. Saratani iliyoachwa bila dawa huendelea kukua.

Basi, kikundi kifanye nini?

Kwanza, mgonjwa apimwe presha kabla ya kuanza dawa, halafu mara kwa mara, hasa wiki za mwanzo. Tangu 2023 wahudumu wa afya wa vijijini wamekuwa wakipewa mashine za kupimia, kwa hivyo si lazima kila mara afunge safari ya Kitui mjini au Wote. Aketi apumzike dakika 5, mkono juu ya meza. Andikeni kwenye daftari.

Pili, ikirudia kufika 140 kwa 90, aende kliniki na daftari pamoja na dawa zake zote. Ikifika 180 kwa 120, au kifua kibane, macho yaone giza, upande mmoja ulegee, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Tatu, asimeze dawa ya presha ya jirani. Nyingine hugongana na za saratani. Diklofenaki ya dukani nayo hupandisha presha. Na muthokoi utiwe chumvi kidogo.

Mkewe mzee alizipata zile dawa. Tukachanga nauli. Daktari akamwongezea kidonge cha presha, na ile ya saratani anaendelea nayo. Siku ya mzunguko huja na daftari lake.

Je, kwenu ni nani ameficha dawa? Nendeni mkamwulize kwa upole.