Kusafisha Vyombo vya Shaba kwa Ndimu na Ukwaju

Wasikilizaji wetu, katika nyumba nyingi za pwani, masinia, madele ya kahawa na sufuria za shaba ni mali ya urithi. Lakini hewa na unyevu huviharibu vyombo hivi. Hufanya utando mweusi, hata kutu ya kijani. Leo twapenda kueleza namna ya kuving'arisha kwa vitu vya jikoni, kisha tutaje hatari iliyofichika ndani yake.

Kwanza mafuta na masizi yaondolewe kwa maji ya moto na sabuni, maana ukali wa ndimu haufanyi kazi palipo na mafuta. Kisha mtu atwae nusu ya ndimu, aichovye katika chumvi laini, asugue taratibu. Asiye na ndimu atumie ukwaju uliolowekwa. Ukali wa matunda haya huyeyusha kutu, nayo chumvi huusaidia. Dakika chache zatosha. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Ikilowekwa muda mrefu, zinki hutoka, na chombo hubaki na madoa mekundu. Halafu chombo kisuuzwe kwa maji mengi na kukaushwa papo hapo. Ukali ukisalia, kutu hurudi upesi. Jivu lililochungwa nalo lafaa kwa kusugulia nje, ila lisitumiwe kwa alumini, kwa kuwa jivu lililoloa huila.

Sasa tuitaje ile hatari. Kama ndimu iyeyushavyo kutu, ndivyo chakula kikali kiyeyushavyo shaba yenyewe. Mchuzi wa ukwaju ukilala katika sufuria ya shaba isiyo na bati, shaba huingia chakulani, na mlaji hupatwa na kichefuchefu, kutapika na maumivu ya tumbo. Ndiyo sababu mafundi hutia bati ndani ya sufuria. Bati hilo tusilisugue kwa mchanga wala jivu. Wala sufuria isiwekwe motoni tupu, kwa kuwa bati huyeyuka kwa joto la digrii 232 za sentigredi. Wekundu wa shaba ukionekana ndani, sufuria ipelekwe kwa fundi kabla ya kupikiwa tena.

Basi, wasikilizaji wetu, kabla ya kushika ndimu, tuvitazame vyombo vyetu ndani. Mng'ao wa nje humpendeza mgeni, bali bati la ndani ndilo liwalindalo watoto. Kwaherini.