Jirani wa Chumba cha Pili: Taharuki ya Ndoa kutoka London hadi Kayole

Jioni hii nitamzungumzia mume anayetaka mkewe aamini kwamba amerukwa na akili.

Filamu yenyewe ni Gaslight, aliyoiongoza George Cukor mwaka 1944 kutokana na tamthilia ya Mwingereza Patrick Hamilton. Gregory amemuua mwimbaji wa opera aliyemlea Paula, kisha akamwoa Paula ili apate kurudi katika nyumba ile ya London na kutafuta vito. Usiku humwaga mkewe kana kwamba anakwenda kazini, halafu hupenya kisirisiri hadi darini na kuwasha taa ya gesi. Akiwasha ya juu, za chini hufifia. Paula yuko chumbani, anaitazama taa ikinywea, anasikia hatua juu ya kichwa chake. Anamuuliza mpishi. Mpishi masikio yake mazito, hajasikia kitu. Mume akirejea, anamwambia kwa sauti ya upole kuwa amechoka, apumzike. Ingrid Bergman, aliyemwigiza Paula, alipata Oscar kwa uso ule unaoanza kujitilia shaka.

Na sisi watazamaji tunamjua mbaya wetu mapema. Alfred Hitchcock alishikilia kwamba taharuki huzaliwa pale tunapojua jambo ambalo mhusika halijui. Katika Suspicion ya mwaka 1941 aliweka balbu ndani ya glasi ya maziwa, ing'ae mkononi mwa mume anayepanda ngazi. Mwishowe mume yule anatakaswa, na kwa maoni yangu hapo ndipo filamu inapopwaya. Wateja wa vibanda vya video wanaomsikiliza DJ Afro akisimulia filamu wanaijua kanuni hiyo ya taharuki bila kuisomea: humpigia kelele mhusika ageuke aone kilicho nyuma yake.

Sasa mlete Gregory Kayole, hapa Nairobi, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga. Taa ikififia plotini hakuna anayeshtuka. Jirani amechomeka koili ya kuchemshia maji. Hatua juu ya dari? Ni watoto wa ghorofa ya nne. Nyumba kubwa ya London inamficha mume kwa upweke wake, ilhali plotini ukuta ni mwembamba, choo ni cha wote, kamba ya nguo ni ya wote, na kikohozi cha usiku kinajulikana ni cha nani. Kwa hiyo mume wetu hatahitaji dari. Atahitaji kupendwa. Atawanunulia watoto wa jirani mandazi, atamsalimu landilodi kwa heshima, na akiwa pale mferejini atasema kwa huzuni, "Mama watoto siku hizi hayuko sawa." Ndani ya wiki chache korido nzima itakuwa inamfanyia kazi bila kujua. Huyo ananitisha kuliko Charles Boyer aliyemwigiza Gregory.

Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga, 2012, ilituonyesha giza la barabarani: magenge, wizi wa magari, polisi wala rushwa. Giza la ndani ya bedsita lataka filamu yake.

Tazameni tena anayemwokoa Paula. Ni afisa wa Scotland Yard anayeingia na kuiona taa ikififia kwa macho yake mwenyewe. Tangu hapo Paula si mwendawazimu, ana shahidi. Hapa kwetu, Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na dhuluma za nyumbani inahesabu mateso ya kisaikolojia na ya kiuchumi, wala si kipigo peke yake. Lakini mateso ya namna hiyo hayaachi alama mwilini, na korido ina jibu lake la siku zote: hayo ni mambo ya mtu na mkewe.

Wanafunzi wangu wa filamu, kamera mnazo kwenye simu zenu, na ploti mnazijua kuliko mimi. Andikeni filamu hiyo, na mama wa chumba cha pili, jirani anayeweza kuwa shahidi, mpeni maneno mengi kuliko polisi.