Jiografia Yaanzia Mlangoni pa Nyumba



Wako watu wengi, watoto kwa wakubwa, ambao wakisikia jina la jiografia huona uzito moyoni. Mwanafunzi hukumbuka orodha ndefu za milima na miji ya mbali, alizozikariri usiku na kuzisahau mara mtihani ulipokwisha. Mtu mzima hukumbuka ramani iliyotundikwa ukutani, ambayo hakuna aliyemweleza ina uhusiano gani na shamba la baba yake. Si ajabu basi kwamba mtu wa namna hiyo hulichukia somo hilo. Lakini anachokichukia si jiografia yenyewe. Ni kule kufundishwa habari za mbali kabla ya kuzifahamu za karibu.

Dawa ya chuki hiyo ipo nyumbani, wala haihitaji fedha nyingi. Yatosha kijiti, mkebe, rula, daftari, na nafasi kidogo kila siku. Nchi ya Kisii na Nyamira, yenye vilima, mito na mvua tele, yafaa sana kwa mafunzo haya.

Jambo la kwanza ni kivuli. Mwanafunzi na asimamishe kijiti kilichonyoka uani, mahali palipo wazi. Kuanzia saa sita kamili mchana, kila baada ya dakika kumi, atie alama mahali ncha ya kivuli ilipofika. Huenda akatazamia kwamba kivuli kitakuwa kifupi kabisa saa sita kamili. Sivyo atakavyoona. Kivuli kitazidi kupungua hata kadiri ya saa sita na dakika 40, mbele au nyuma kidogo kwa kufuata majira ya mwaka. Sababu yake ni kwamba saa za Afrika ya Mashariki zimewekwa kwa kufuata mstari wa longitudo ya digrii 45 mashariki, nao mji wa Kisii u karibu na digrii 35. Jua hutumia dakika nne kupita digrii moja. Kwa hiyo digrii kumi ni dakika 40. Tena, kivuli cha adhuhuri huelekea kusini mwezi wa Juni, na mwezi wa Desemba huelekea kaskazini, kwa kuwa Kisii i karibu sana na Ikweta. Aliyeyaona hayo kwa macho yake hahitaji kuyakariri.

Jambo la pili ni mvua. Mkebe wenye pande zilizonyoka huwekwa mahali pa wazi, mbali na miti na paa, na kila asubuhi kina cha maji hupimwa kwa rula na kuandikwa katika daftari. Mvua ya milimita 10 ikianguka juu ya paa lililofunika mita za mraba 40, maji yake ni lita 400, yaani mapipa mawili makubwa. Mama wa nyumba ambaye mtoto wake amemwonyesha hesabu hiyo atajua kama mfereji wa bati na tangi ni vitu vya kununua au sivyo. Kisha mtoto na aulize mvua hiyo yatoka wapi. Upepo wenye unyevu hutoka upande wa Ziwa Viktoria, hupanda vilima vya Gusii, hupoa, na kugeuka mawingu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya nchi hii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, hali nchi iliyo kando ya ziwa, ambayo si mbali, hupata pungufu.

Jambo la tatu ni mto. Kila kijito cha bondeni kina safari yake. Mto Gucha huanzia katika vilima vya Kiabonyoru huko Nyamira, hupita katika nchi ya Kisii, huteremka hata Migori, na kuingia ziwani. Mji wa Kisii uko kadiri ya mita 1,700 juu ya bahari, na ziwa liko kadiri ya mita 1,134. Basi maji huteremka zaidi ya mita 500. Kutoka ziwani maji hutokea Jinja katika Uganda, yakawa Mto Naili, yakapita Sudan Kusini na Sudan, yakafika Misri na Bahari ya Mediterania. Mto Sondu nao, unaopita mpakani mwa Nyamira, huendesha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu yenye nguvu za megawati 60. Mtoto aliyetumwa kuteka maji amesimama juu ya barabara iendayo mpaka Misri, naye hajaambiwa.

Jambo la nne ni soko. Mtu akienda katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii, na achague vitu vitano, aulize kila kimoja kimetoka wapi na kwa nini hakikupatikana karibu zaidi. Omena wametoka ziwani. Ndizi zimetoka vilimani, na nyingine zimepakiwa kwenda Nairobi, safari ya kilomita 300 hivi. Vinyago vya mawe ya sabuni vimetoka Tabaka, ambako mawe hayo huchimbwa. Majani ya chai yaliyochumwa asubuhi Nyamira huenda kiwandani, kisha hupelekwa Mombasa kuuzwa kwa mnada, na Pakistan imekuwa kwa miaka mingi mmoja wa wanunuzi wake wakubwa. Hivyo ndivyo majina ya nchi za mbali yanavyoingia kichwani bila kulazimishwa.

Jambo la mwisho ni ramani. Mwanafunzi asianze na ramani ya dunia. Na aanze na ramani ya shamba la nyumbani, akilipima kwa hatua, na kuchora kila hatua kumi kwa sentimita moja. Aonyeshe nyumba, njia, chemchemi, na upande ambao nchi huteremka. Baadaye achore kijiji, kisha wilaya za jirani kama Homa Bay, Migori, Narok, Bomet na Kericho, ambazo tangu mwaka 2013 ni kaunti miongoni mwa kaunti 47 za Kenya.

Pengine mzazi atauliza: kazi yote hii ina faida gani, ikiwa mtoto atafaulu mtihani kwa kukariri tu? Jibu limo katika ramani ile ya shamba. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kisii ilikuwa na watu zaidi ya 950 katika kila kilomita ya mraba, hali Kenya nzima ilikuwa na watu 82 tu. Mashamba yamegawanywa, yakagawanywa tena, na mengi yako juu ya miteremko mikali. Baada ya mvua kubwa mto Gucha huwa mwekundu. Wekundu huo ni udongo wa juu, wenye rutuba, ambao umetoka katika mashamba ya watu na hautarudi.

Aliyejifunza mteremko, mvua na mto huona upesi jambo la kufanya. Atachimba makinga maji kukata mteremko, wala hatalima kwa kufuata mteremko. Atapanda majani ya mabingobingo kingoni mwa matuta, yazuie udongo na kulisha ng'ombe. Hatapanda mikaratusi kando ya chemchemi, kwa maana mti huo hunywa maji mengi. Asiyejifunza hayo ataachiwa urithi mdogo, naye atauachia mto uuchukue.

Wahenga walisema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mwanafunzi anayeanza mlangoni pa nyumba yake, akafuata maji mpaka Misri na chai mpaka Pakistan, mwisho hurudi shambani kwao, na safari hii hulitazama kwa macho mapya. Mzazi na ampe kijiti na mkebe, kisha amwulize jioni ameona nini.